Ndiyo ya mashine, hapana ya mtu

Mkata bima hukutana na kampuni yake mara mbili: siku anayolipa na siku anayodai. Mkutano wa kwanza siku hizi umekuwa mwepesi kama kununua vocha. Mwenye gari Tanzania anaweza kukata bima akiwa amekaa barazani kwake, akalipa kwa simu, na kabla hajainuka ujumbe umeshaingia. Stika ya karatasi iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo cha mbele imegeuka kumbukumbu ya kielektroniki, inayohakikiwa kwa kuandika namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mkutano wa pili ndio mgumu. Hapo inatakiwa ripoti ya polisi, fomu ya madai, nakala ya leseni, kadi ya gari, makadirio ya gereji, na ukaguzi wa mkadiriaji hasara ambaye kila ukimpigia yuko safarini. Wiki zinapita, gari liko juu ya mawe, na jibu ni lile lile: faili lako linashughulikiwa. Anayesema kwamba bima ni utapeli mara nyingi hazungumzii ada aliyotoa. Anazungumzia siku hiyo ya pili.

Akili mnemba imeingia kwenye mikutano yote miwili, lakini uzito wake utaonekana kwenye huu wa pili. Chukua bampa iliyogongwa. Mwenye gari anapiga picha nne au tano kwa simu: mbele, ubavuni, karibu, mbali, na kibao cha namba. Programu iliyofundishwa kwa picha nyingi mno za magari yaliyoharibika inatambua kwamba hii ni bampa ya mbele na ile ni taa ya kulia, inapima kama mpasuko ni wa kuziba na kupiga rangi au wa kubadilisha kifaa kizima, inaangalia bei ya kifaa na ujira wa fundi, kisha inataja kiasi. Kazi ya siku kadhaa inakuwa ya dakika. Kampuni ya Marekani ya Lemonade ilijipatia umaarufu mwishoni mwa mwaka 2016 kwa kulipa dai la koti lililoibiwa ndani ya sekunde tatu, bila mtu yeyote ofisini kuligusa. Programu za namna hiyo zinasoma pia vyeti vya daktari, zinalinganisha ankara za hospitali, zinajibu wateja usiku wa manane. Sioni sababu ya kuziogopa zikifanya hivyo, na nchi ambayo foleni ya madai ndiyo inayowafanya watu waikimbie bima ina sababu zaidi ya kuzikaribisha. Ninalopinga ni jambo moja. Mashine iruhusiwe kukubali dai, hata peke yake, lakini isiruhusiwe kulikataa. Kukataa kubaki kazi ya mtu mwenye jina, aliyelisoma faili na kuandika sababu.

Mizani hiyo imelalia upande mmoja, nami sioni haya kulikiri, kwa sababu makosa yenyewe hayalingani. Mashine ikilipa dai lisilostahili, hasara inamwagika kwenye mfuko wa watu wengi, kila mmoja akiguswa kwa senti. Tena kampuni italiona kosa hilo, kwa kuwa fedha zimetoka na wakaguzi wa hesabu wapo. Ikikataa dai linalostahili, hasara yote inamwangukia mtu mmoja, siku ambayo duka limeungua au mtoto yuko wodini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa mashine hata huo usufi haupo. Baya zaidi, kosa hili la pili halionekani vitabuni. Dai lililokataliwa kimakosa haliandikwi kuwa kosa. Linaandikwa kuwa limekataliwa, basi, na kesho linakuwa somo la mashine hiyo hiyo, kwamba madai ya aina hii huwa hayafai. Mwenye dai akikata tamaa na kwenda zake, dhuluma inageuka takwimu.

Hofu hii ina ushahidi. Oktoba 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya programu iliyokuwa ikitumiwa na hospitali na kampuni za bima ya afya Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuulizwa rangi ya mtu. Iliulizwa nani atagharimu fedha nyingi, kwa kudhani kwamba anayegharimu zaidi ndiye mgonjwa zaidi. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kuliko weupe kwa ugonjwa ule ule, mashine iliwaona wazima. Watafiti walikadiria kwamba kosa hilo likirekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa waliostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 46.5. Hakuna aliyekusudia ubaguzi katika kadhia hiyo. Mashine ilipewa daftari la malipo ya jana, ikalisoma kana kwamba ni daftari la mahitaji.

Ushahidi mzuri wa upande wa ndiyo, kwa upande mwingine, tunao hapa hapa jirani, Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, pamoja na washirika wake, ilianzisha huko bima ya mifugo isiyohitaji mtu kwenda kuhesabu mizoga. Marsabit ni kaunti kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na wafugaji wake wanahama. Mkadiriaji hasara angemaliza ukame mzima njiani. Badala yake setilaiti inapima ukijani wa malisho, vipimo vinakusanywa siku kumi kwa siku kumi na kulinganishwa na vya miaka iliyopita katika eneo lile lile. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo analipwa, bila fomu na bila kuulizwa ng'ombe wake wamelala wapi. Ukame wa 2011 ulileta malipo ya kwanza, na watafiti waliozifuatilia kaya hizo walikuta kwamba zenye bima hazikulazimika kuuza mifugo kwa bei ya kutupa wala kupunguza milo kwa kiwango kile cha zisizokuwa nayo. Baadaye mkataba wenyewe ulibadilishwa. Awali ulilipa kwa makisio ya mifugo iliyokufa. Sasa ukaanza kulipa mapema, malisho yanapoanza kukauka, ili mfugaji anunue majani, maji na dawa akiwa bado ana ng'ombe wa kunywesha. Badiliko hilo, na ndilo lililokuwa na maana kubwa kwa mfugaji, halikubuniwa na kompyuta. Lilitoka kwa watu waliojiuliza fedha humfaa mfugaji siku gani.

Marsabit hiyo hiyo inaonyesha pia mpaka wa jicho la angani. Setilaiti inaona ukijani, haioni lishe. Mathenge, mti wa kigeni ulioenea katika maeneo mengi makavu ya Kenya, hubaki wa kijani kiangazi kizima, na majani yake mifugo haiyali. Kinachosomeka angani kama malisho huenda chini ni miiba. Wataalamu wa bima hii wanalijua tatizo hilo, wanaliita pengo kati ya kipimo na hasara halisi, na wamefanya kazi kubwa kulipunguza. Kulimaliza haiwezekani, kwa sababu kipimo chochote kinachosimama badala ya kitu chenyewe kitakosea siku moja. Swali linakuwa: siku hiyo ikifika, nani ana uwezo wa kusema kwamba kipimo kimekosea?

Malawi ililijibu swali hilo kwa gharama. Nchi hiyo ilikata bima ya ukame kwa msimu wa 2015/16 kutoka African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika inayozikatia serikali bima dhidi ya majanga, kwa ada iliyokaribia dola milioni 5. Msingi wa mkataba ulikuwa programu ya kompyuta inayochukua mvua iliyopimwa kwa setilaiti, kuilinganisha na maji yanayohitajiwa na mahindi katika kila hatua ya kukua, na kukadiria ni watu wangapi watakaoathirika. Si akili mnemba ya namna tunayoizungumzia leo, lakini ni ndugu yake wa damu: mfumo uliojengwa juu ya data na dhana, unaotoa uamuzi wenye thamani ya mamilioni. Aprili 2016 rais wa Malawi alitangaza janga la taifa. Watu zaidi ya milioni 6 walikuwa wakihitaji chakula. Programu iliangalia msimu ule ule ikaona walioathirika ni wachache mno kiasi kwamba mkataba haukupaswa kulipa hata senti. Kwa lugha ya kiufundi, dai lilikuwa limekufa.

Lililolifufua ni watu kwenda mashambani. Waliporudi, walikuwa na jambo ambalo lisingeonekana kwenye kompyuta yoyote: wakulima wengi walikuwa wamehamia kwenye mbegu za mahindi yanayokomaa upesi, ilhali programu ilikuwa imepangiwa mahindi ya muda mrefu. Mvua ilikatika wakati ambao kwa mbegu ya zamani usingekuwa na madhara makubwa, lakini kwa mbegu mpya ndio uliokuwa wakati wa kubeba. Dhana ya mbegu ilipobadilishwa, hesabu nayo ikageuka, na taasisi ikakubali kulipa dola milioni 8.1. Naipongeza kwa kukubali kurudi nyuma. Si kila kampuni ingefanya hivyo. Hata hivyo kukubali kulikuja Novemba 2016, na fedha zikafika Januari 2017, miezi tisa baada ya tangazo la janga. Na tukumbuke aliyelalamika hapa ni serikali, yenye mawaziri, wataalamu wa kilimo na mabalozi. Mkulima wa Dodoma au Machakos aliyekata bima ya mazao kwa simu hana balozi. Mwaka 2023 kampuni za bima Tanzania ziliungana kuunda skimu ya pamoja ya bima ya kilimo, jambo jema kabisa, na mikataba inayotegemea vipimo vya hali ya hewa ni sehemu ya biashara hiyo kila inapoanzishwa. Ndani ya mikataba hiyo ndimo neno mbegu linapotakiwa kuulizwa kabla ya mvua.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina haki yake: matapeli. Wapo wanaogonga gari makusudi, wapo wanaodai simu ile ile kwa kampuni tatu, zipo hospitali zinazotoza bima kwa kipimo ambacho mgonjwa hakupimwa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha vituo vya afya kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo kwa mamlaka mpya ya bima ya afya ya jamii. Na sasa akili mnemba yenyewe inaweza kutengeneza picha ya bampa iliyovunjika ambayo haikuwahi kuvunjika. Nani atayakamata yote hayo kwa macho? Hakuna, na ndiyo maana mashine ishike kazi ya kushuku. Ione kwamba ankara mbili za hospitali mbili zina mwandiko mmoja, ione kwamba picha imewahi kutumika, ipige kengele. Kushuku ni kazi moja, kuhukumu ni kazi nyingine. Mbwa wa lindo hubweka, lakini haandiki hati ya mashtaka. Wala sipendekezi kitu cha kufikirika. Mwaka 2021 ile Lemonade ya sekunde tatu ilijisifu mtandaoni kwamba mashine zake huchunguza hata ishara za mwili katika video za wateja wanaodai, ili kunusa uongo. Watu walipiga kelele, maana uso wa mtu aliyeibiwa na uso wa mtu mwongo haufanani kwa kila kabila na kila malezi. Kampuni ikafuta maneno hayo, na katika maelezo yake ikasema kwamba haijawahi kuiachia akili mnemba ikatae dai yenyewe. Tukiwachukua kwa neno lao, basi kampuni iliyojijenga yote juu ya mashine imeona kwamba inaweza kufanya biashara kwa kanuni hii ninayoitetea.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwa watu wenye nia njema: binadamu ndiye mbaguzi wa kwanza. Mkadiriaji anakula rushwa, karani anamwangalia mtu kwa jina lake la ukoo, meneja ana chuki zake. Historia ya bima inawapa nguvu. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya Prudential ya Marekani, alitoa kitabu kilichojaa majedwali kuthibitisha kwamba Wamarekani weusi wanakufa mapema kwa asili yao na kwa hiyo hawafai kukatiwa bima ya maisha sawa na wengine. Kitabu hicho kiliwapa wakubwa wa bima kisingizio cha kisayansi kwa yale waliyokuwa wakiyafanya tayari. Hakuna kompyuta iliyohusika. Lakini tazama kilichofuata. Hoffman alikuwa ametaja jina lake na kuanika hesabu zake, na mwaka uliofuata Kelly Miller, mwanahisabati mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, alimjibu jedwali kwa jedwali, akionyesha kwamba kilichohesabiwa kuwa damu kilikuwa umaskini na makazi mabovu. Prudential haikutubu kwa sababu hiyo. Hoja peke yake mara chache humtikisa mwenye faida. Ila hoja ilikuwepo, ya kushikwa mkononi na kupelekwa mbele ya wabunge na majaji. Mtu anayebagua huacha nyayo: jina, tarehe, sababu aliyoiandika. Mfumo uliojifunza ubaguzi wenyewe kutoka kwenye data huacha namba tu, na ukimuuliza aliyeuunda kwa nini fulani alikataliwa, naye anaweza asijue. Sisemi mtu ni mwema kuliko mashine. Nasema anashtakika.

Lipo pingamizi la tatu ambalo watetezi wa kanuni kama yangu hulikwepa, nalo ndilo linalonisumbua. Mtu anaweza kuwekwa pale kama pambo. Machi 2023 waandishi wa vyombo vya habari vya Marekani, ProPublica na The Capitol Forum, walifichua namna kampuni ya bima ya afya Cigna ilivyokuwa ikiyapitia baadhi ya madai. Kompyuta ililinganisha ugonjwa na kipimo kwa orodha iliyopangwa, ikatenga yasiyolingana, na daktari wa kampuni akayatia saini kwa mafungu. Katika miezi miwili ya mwaka 2022 madai zaidi ya 300,000 yalikataliwa kwa njia hiyo, kwa wastani wa sekunde 1.2 kwa kila dai. Cigna ilijitetea kwamba utaratibu huo ni wa kuharakisha malipo ya huduma za kawaida na kwamba mgonjwa hanyimwi tiba, kwa kuwa tayari ameshatibiwa. Sawa, lakini ankara inabaki kwa nani? Sekunde 1.2 hazitoshi kusoma jina kamili la mgonjwa, achilia mbali faili. Kisheria mtu alikuwepo, na jina lake lilikuwepo. Kilichokosekana ni kusoma. Kwa hiyo haitoshi kudai saini. Idaiwe sababu iliyoandikwa kwa dai hilo hilo, si iliyonakiliwa kutoka dai la jana, na muda ambao faili lilikuwa wazi mbele ya mhakiki urekodiwe na kukaguliwa, jambo ambalo kompyuta inalifanya vizuri mno. Safari hii mashine imchunge mtu. California imeshaanza: sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 inataka uamuzi wa kumnyima mgonjwa huduma kwa hoja ya kitabibu ufanywe na mtaalamu mwenye leseni aliyeangalia hali ya mgonjwa huyo, wala usiachiwe programu.

Ipo hapana nyingine isiyojiita hapana, nayo ni bei. Kampuni haihitaji kumkataa mtu ambaye inaweza kumtoza hadi aondoke mwenyewe. Mwaka 2022 shirika la Uingereza la Citizens Advice liliripoti kwamba watu wasio weupe walikuwa wakilipa bima ya gari kwa wastani wa pauni 250 zaidi kwa mwaka, ingawa hakuna fomu iliyowauliza rangi yao. Mtaa anaoishi mtu ulikuwa umebeba siri hiyo. Tanzania tunayo kinga ya kizamani ambayo wanauchumi huidharau: bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa na kiwango kimoja, shilingi 100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, awe anatoka Mbagala au Masaki. Kiwango hicho hakimtofautishi dereva mwangalifu na mwendawazimu wa barabarani, kweli, na siku moja kitalegezwa. Kitakapolegezwa, kampuni zitakuwa na hamu ya kuangalia simu ya mtu kama wanavyofanya wakopeshaji wa mitandaoni: anaweka vocha ya kiasi gani, anahama hama kiasi gani, usiku yuko wapi. Hapo TIRA iulize kila kigezo kinapimaje uendeshaji wa gari. Mwendo kasi na breki za ghafla vinapima. Aina ya simu inapima mfuko.

Kenya tayari wanaishi ndani ya swali hili, tena kwenye bima ya lazima. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na hesabu yake ni rahisi kwa sababu hati ya mshahara ipo. Mama mboga na mwendesha bodaboda hawana hati hiyo, basi wanajaza dodoso: nyumba ya kuta gani, paa la nini, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, mifugo mingapi. Kutokana na majibu, mfumo unakisia kipato na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Nia ni njema, kwamba maskini asilipe sawa na tajiri. Lakini paa la bati si fedha mkononi; wengine wamelirithi, wengine limejengwa na mtoto aliye Doha. Makisio yakizidi uwezo, mtu halipi, na asiyelipa hatibiwi kwa bima hiyo. Hakuna barua ya kumkataa wala karani wa kugombana naye. Kwa mizani yangu, makisio yanayomnyanyua mtu juu ya kiwango cha chini yanastahili kuhesabiwa kama hapana ya mashine, na yawe na mtu wa kuyageuza katika ofisi ya karibu, siku hiyo hiyo.

Wenye kampuni watauliza gharama, na swali lao si la uchoyo tu. Ada zote za bima Tanzania na Kenya zinazunguka kwenye asilimia 2 na kitu ya pato la taifa. Afrika Kusini zinapita asilimia 10. Njia ya kuwafikia waliobaki ni bima za ada ndogo, za shilingi elfu chache, na bima ya namna hiyo haimudu mishahara ya wahakiki. Nakubali kwamba haimudu kila dai. Ila madai safi, ambayo ndiyo mengi, yakilipwa na mashine bila kuguswa, wahakiki waliokuwa wakigonga mihuri kwenye madai hayo wanabaki na muda wa yale yenye utata. Katika bima zinazotegemea kipimo cha eneo, kukataa ni kwa eneo zima, kwa hiyo watu wachache wakienda shambani wanahudumia maelfu, kama ilivyokuwa Malawi. Na kama dai ni dogo kiasi kwamba kulisoma kunagharimu kuliko kulilipa, hesabu imeshajijibu: lilipwe, kisha machache yachaguliwe kwa bahati nasibu na kukaguliwa baadaye, ili tapeli asijue lini zamu yake. Kampuni inayosema haina fedha ya kumwajiri mtu wa kusoma hapana zake inatuambia kwamba imepanga kukataa mengi.

Sheria za kuanzia zipo, ila zina matundu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi wa mashine peke yake wenye uzito maishani mwake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ina ulinzi unaofanana na huo. Tundu liko kwenye misamaha: ile ya Kenya inalegeza haki hiyo pale uamuzi unapohitajika kwa ajili ya mkataba au mtu anaporidhia, na bima yote ni mkataba, wenye ridhaa iliyofichwa ukurasa wa tisa, mara nyingi kwa Kiingereza. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili mnemba ya 2024, uliweka upimaji wa hatari na upangaji bei katika bima za maisha na afya kwenye kundi la matumizi yenye hatari kubwa. Sisi hatuhitaji kitabu kinene kama kile. TIRA imezoea kutoa miongozo, na mmoja mfupi ungetosha: kila barua ya kukataa dai iandikwe kwa Kiswahili, itaje kifungu cha mkataba, iseme kama programu ilihusika na ilishuku nini, ibebe jina na simu ya mtu aliyekataa, na ielekeze njia ya kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kisha kila robo mwaka kampuni zipeleke hesabu tatu: madai mangapi yalitiliwa shaka na mashine, mangapi kati ya hayo mtu aliyakataa, na mangapi yaligeuzwa baada ya rufaa. Ya mwisho isomwe kwanza. Kampuni ambayo wateja wake wakikata rufaa wanashinda kila mara ina mashine mbovu, au ina mhakiki wa sekunde 1.2.